Mguso wa Gramu Mia Tatu

Koki Muindi alikulia Kaloleni, katika nyumba ambayo maneno yalionekana kwa macho. Baba yake na mama yake walikuwa viziwi wote wawili, na jioni taa ilipowashwa vivuli vya mikono yao vilizungumza ukutani. Ukitaka kumwita mtu ulipiga sakafu kwa kisigino, naye akakusikia kwa nyayo. Sufuria ilianguka jikoni bila mtu kugeuka. Watoto wa majirani waliokuja kucheza walisimama mlangoni wakanyamaza, wakidhani kuna maombi.

Alipokuwa na miaka sita alizaliwa mdogo wake, Mwanzia, na tangu siku hiyo Koki akawa sikio la nyumba. Hakuna aliyempa kazi hiyo. Mtoto alilia, yeye akasikia, akaenda kumgusa mama begani. Basi ikawa hivyo. Hakuweza kwenda mbali. Wenzake wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, uwanjani, yeye alikaa kizingitini akitazama mawingu yakipita juu ya vigae vyekundu vya mtaa, nusu yake nje na nusu imebaki ndani pamoja na pumzi za mtoto. Majirani walisema binti wa Muindi anaota mchana. Tabia hiyo haikumtoka hata alipokuwa mtu mzima. Unaweza kuwa unazungumza naye, naye anakujibu vizuri, lakini macho yake yameelekea pembeni, kwa kitu ambacho wewe hukisikii.

Mama yake alifariki Koki akiwa kidato cha tatu. Baba aliendelea na kazi yake ya kuchonga mbao karibu na Gikomba, na Koki, alipomaliza shule, akawa mkalimani wa lugha ya ishara. Alisimama kando ya madaktari, mahakimu na wachungaji, akiyatoa maneno mdomoni na kuyatia mikononi, akiyatoa mikononi na kuyarudisha mdomoni. Alikuwa na miaka thelathini na minne alipokutana na Ondiek.

Ilikuwa mwezi wa Juni, kwenye mkutano wa wazazi viziwi katika ukumbi wa kanisa huko Makadara. Nyuma ya ukumbi aliketi mwanamume mrefu mwenye miwani, amepakata kisanduku cha kadibodi kwa uangalifu kana kwamba ndani yake mna mayai. Alikuwa injinia. Karakana yake ndogo ilikuwa Industrial Area, ghorofani juu ya ghala la magodoro. Ndani ya kisanduku mlikuwa na kitu alichokifanyia kazi mwaka mzima: bangili ya kumjulisha mzazi kiziwi kwamba mtoto wake analia. Kipande kimoja, alichokiita sikio, kingekaa kando ya kitanda cha mtoto. Sikio likisikia kilio lingepeleka habari hewani hadi kwenye bangili, nayo ingetetemeka na kuwaka taa nyekundu.

Wazazi waliipokea, wakaigeuza huku na huku, wakatabasamu, wakairudisha.

"Wameipenda?" Ondiek alimuuliza Koki watu walipokuwa wakitoka.

"Wamesema asante."

Ondiek aliitazama bangili yake. "Asante si ndiyo."

"Hapana, Injinia. Si ndiyo."

Aliirudisha kisandukuni, kisha akamwomba wafanye kazi pamoja miezi mitatu. Alimpa daftari lenye kurasa zilizogawanywa kwa mstari wa kalamu. "Kushoto andika maneno ya mteja, vile vile anavyoyasema," alieleza. "Kulia andika namba. Mimi na mashine zangu tunaelewa upande wa kulia peke yake. Gramu, mita, dakika. Mtu akikuambia kitu, kivushe kije huku kwangu."

Koki alikubali upesi. Maisha yake yote alikuwa akivusha maneno, akadhani huu ni mto kama mingine.

Julai ikaingia na baridi yake na manyunyu yasiyoisha. Koki alizunguka Kayole, Umoja na Dandora, akibisha kwa kuzima na kuwasha taa ya nje au kwa kupunga mkono dirishani. Aliketi kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, akapewa chai, akauliza, akatazama mikono. Mwanamke mmoja wa Kayole alisema hataki kutetemeshwa kama na simu, kwa sababu simu hutetemeka hata kwa upuuzi. Alitaka kitu kama samaki anavyojigeuza ndani ya maji. Mama wa Dandora alitaka kushtuka bila kuogopa. Baba mmoja kijana wa Umoja alisema anataka kujua kwamba mwanawe analia kwa namna ile ile anavyojua kwamba mvua inakuja: kwa ngozi.

Koki aliandika yote. Akirudi Njiru, alikokuwa amepanga, alikuwa akiyarudia maneno hayo vidoleni, ndani ya mifuko ya sweta. Jioni moja aliwaza sana juu ya samaki, akapita geti lake, akapita na duka la kona, akaja kushtuka yuko kwenye kiwanja kitupu ambapo ng'ombe wawili walikuwa wakila nyasi katikati ya ukungu. Alisimama pale akiwatazama. Hakuwa na haraka ya kurudi.

Katikati ya mwezi alilipeleka daftari. Upande wa kushoto ulijaa. Upande wa kulia ulikuwa mweupe.

Ondiek alisoma kurasa zote, polepole. Hakucheka. "Ni maneno mazuri," alisema. "Lakini huyu samaki, Koki. Ana nguvu kiasi gani?"

"Sijui."

"Na mimi sijui. Nikikisia, tutapata asante nyingine."

Njia ya kwanza ilitoka kwa Mzee Muindi. Koki alipomsimulia shida yake, baba aliitazama mikono yake bila kuacha kupiga msasa, kisha akaweka kazi chini ili mikono yake iwe huru.

"Unawauliza watu kuhusu kitu ambacho hakipo," alisema kwa mikono. "Wape kitu wakivae. Kikiwa kibaya, mwili utasema wenyewe."

Kwa siku tatu alichonga bangili sita za mti wa mjakaranda, zenye ukubwa na uzito wa ile ya Ondiek, zikiwa na shimo la kupitisha mkanda. Akaivaa ya kwanza yeye mwenyewe. Mchana huo mchongaji mwenzake alikuja na habari za msiba, na Muindi alipoanza kumjibu bangili iligonga mfupa wa mkono, ikagonga meza, ikateleza hadi kwenye kiganja. Aliivua katikati ya sentensi akaitia mfukoni, akaendelea kuzungumza. Koki, aliyekuwa ameketi kando akitazama, aliona jambo ambalo lilikuwa mbele ya macho yake siku zote. Ile bangili ilikuwa imekaa mdomoni mwa baba yake.

Aliwagawia wengine zile tano. Wiki moja baadaye alipowazungukia, nne zilikuwa kabatini. Ya tano ilikuwa imevaliwa, lakini juu, kati ya kiwiko na bega. Aliyeivaa aliitwa Khavere.

Khavere alikuwa akiishi Njiru pia, upande wa pili wa barabara ya Kangundo, katika ploti ya nyumba za chumba kimoja zilizoezekwa mabati. Mumewe alifanya kazi ya kibarua kwenye kiwanda, akitoka alfajiri. Yeye aliwafulia watu nguo. Alikuwa na mtoto mchanga wa miezi mitano, na binti wa miaka minane jina lake Triza, ambaye alikuwa akisikia.

"Mbona huku juu?" Koki alimuuliza kwa ishara, akiigusa ile bangili ya mti.

Khavere alikuwa na povu hadi viwikoni. Aliikung'uta mikono akajibu. "Chini inaingia kwenye maji. Inaingia pia kwenye maneno yangu. Halafu huku juu ndiko watu hunigusa wakiniita."

Koki aliandika. Kisha akauliza swali lake la kila nyumba: unataka kifaa kikufanyie nini?

"Nijue mtoto analia."

Ndivyo kila mtu alivyosema. Koki aliinamia daftari, na alipoinua macho akamwona Triza. Mtoto huyo alikuwa ameketi kizingitini, magoti pamoja. Ilikuwa siku ya shule, saa nne asubuhi. Nje ya geti watoto wadogo walikuwa wakirusha mpira wa karatasi na mifuko, na mmoja wao akaita, "Triza, kuja! Tunakosa mmoja!" Triza alitikisa kichwa. Uso wake ulikuwa umewaelekea watoto lakini macho yameteleza pembeni, kuelekea ndani ya chumba, na shingo yake imeinama kidogo upande mmoja.

Koki aliujua mwinamo huo wa shingo. Alihisi manyunyu yamesimama hewani na yeye mwenyewe ameketi mahali pawili. Akalifunga daftari.

"Mama Triza," alisema kwa mikono, taratibu. "Tuseme kifaa kipo, na kinafanya kazi. Nini kitabadilika hapa nyumbani?"

Khavere alikamua shati, akalikunja, akaliweka juu ya karai. Kisha akageuka ili binti yake asiione mikono yake.

"Triza ataenda," alisema.

"Wapi?"

"Popote. Shule, siku zote tano. Nje. Sasa hivi siku ya kufua anabaki, maana bomba liko kule mwisho wa ploti na mimi simwoni mtoto. Sijamwambia abaki. Anabaki mwenyewe."

Koki aliondoka pale akiwa ameliandika neno hilo pia kwenye daftari. Jumapili hiyo alimwandalia baba chakula Kaloleni, na baada ya kula akamwambia habari za Triza. Mzee alitazama mikono ya bintiye hadi ilipotulia.

"Mama yako aliliona," alisema. "Alikuwa akiniambia, tumemfunga huyu mtoto kwa kamba isiyoonekana. Tulijaribu kuamka kwa zamu tumguse Mwanzia. Tukalala. Ulikuwa hodari kuliko sisi." Akafuta midomo kwa kitambaa. "Hatukukuomba msamaha, kwa sababu hukulalamika."

Koki alimwambia si kitu, akakusanya sahani. Waliketi pamoja hadi jua likahama dirishani.

Jumatatu alipanda ngazi za karakana, harufu ya sponji mpya ikimfuata. Kwenye kona ya chumba kulikuwa na magunia ya maganda ya plastiki ya bangili, mia mbili, ambayo Ondiek alikuwa ameyaagiza kabla ya mkutano wa Makadara. Koki alimwambia mambo mawili: kwamba kifaa lazima kikae juu ya kiwiko, na kwamba neno la kuandikwa kwenye ukurasa wa kwanza ni "Triza ataenda."

Ondiek aliyatazama magunia. "La kwanza linaniuma, lakini nalielewa," alisema. "La pili si la kifaa. Hiyo ni hamu ya mama."

"Ndiyo hiyo ninayotakiwa kuivusha."

"Ivushe basi. Iko wapi namba yake?"

Koki alisogea kando ya dirisha. Chini, wanaume walikuwa wakipakia magodoro kwenye lori, na magodoro hayo meupe yalipaa mikononi mwao kama yasiyo na uzito. Aliyafuata kwa macho. Aliwaza siku zake mwenyewe za kizingitini, na akajiuliza ni nini kingeweza kumwinua pale. Angeambiwa, nenda, kuna mashine ndani, je, angeenda?

"Nisingeenda," alisema.

"Samahani?"

"Injinia, betri ikiisha, mama atajuaje?"

"Bangili haitatetemeka."

"Na mtoto akilala kimya?"

"Haitatetemeka." Ondiek alivua miwani.

"Kwa hiyo kwa Khavere, mtoto aliyelala na kifaa kilichokufa ni kitu kimoja. Hawezi kukiamini. Na asipokiamini, Triza hatoki. Nilipokuwa mdogo, nilikuwa nikimpitia mama jikoni kila baada ya muda, namgusa, hata kama hakuna kitu. Kumwambia tu kwamba niko."

Ondiek alivuta stuli akaketi. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kwa hiyo kiwe kinamgusa hata pasipo kilio. Mguso mdogo. Kila baada ya muda gani?"

Hiyo ndiyo namba ya kwanza waliyokwenda kuitafuta. Koki hakumuuliza Khavere, kwa sababu alikuwa amejifunza kwamba maswali ya namba huleta majibu ya adabu. Alikwenda kumsaidia kuanika. Siku tatu mfululizo alisimama naye kwenye kamba za nguo, mwisho wa ploti, akitazama. Khavere alikuwa akianika nguo saba au nane, kisha kichwa chake kinageuka chenyewe kuelekea mlangoni. Nguo nyingine saba au nane, kichwa kinageuka. Koki aliangalia saa. Dakika sita, dakika sita na nusu, dakika sita. Upande wa kulia wa daftari akaandika: *niko*, kila dakika tano. Kisha wakapima kwa futi ya fundi kutoka kitandani hadi kwenye bomba. Mita thelathini na nane, kuta tatu. Akaandika hiyo pia. Mikono ilikaa ndani ya maji ya sabuni dakika arobaini bila kutoka, na kiwiko huzama karai likijaa. Akaandika.

Namba ya samaki ilipatikana mwezi wa Agosti. Khavere alikuja karakana na mtoto mgongoni, na Triza amemshika sketi. Ondiek alikuwa na mizani ndogo ya kupimia vyuma, inayoonyesha gramu. Aliiweka juu ya meza, akaifunika kwa kipande cha sponji alichokiomba ghalani, akaegesha simu yake ipige picha namba zinavyoruka.

"Mwambie aguse hapa," alisema, "kama anavyotaka kuitwa yeye."

Koki akatafsiri. Khavere aliitazama mizani, akaona haya, akacheka bila sauti. Kisha akafumba macho. Vidole vyake viwili vikashuka juu ya sponji, mara mbili, vikapumzika, vikashuka mara moja tena. Akarudia. Triza alisogea karibu, akatazama mkono wa mama yake ukipiga kitu kisicho mtu, akajigusa bega lake mwenyewe, bila kujua.

Ondiek alitazama picha kwenye simu, akazirudisha nyuma polepole. "Mia tatu na kumi," alisoma. "Mia mbili themanini. Mia tatu na tano." Akaandika kwa mkono wake upande wa kulia, mbele ya maneno ya yule mwanamke wa Kayole: gramu mia tatu, mara mbili, kimya cha nusu sekunde, mara moja.

"Huyo ndiye samaki," Koki alisema.

Mota ndogo za simu hazikuweza kugusa hivyo. Ondiek alilazimika kutumia sumaku inayosukuma kijiti chenye kichwa cha mpira, nayo ilikula chaji. Akataka kuongeza betri. Kifaa kikawa kizito. Mwishowe waliiondoa ile taa nyekundu, ambayo hakuna mzazi hata mmoja aliyewahi kuitaja, na betri ikatosha siku mbili na nusu. Khavere alitaka tatu, kwa sababu tokeni za kulipia umeme zikiisha pale kwao hukaa gizani siku tatu. Waliongeza unene kidogo. Mzee Muindi alichonga umbo jipya la mti, limejipinda kufuata mkono, na fundi wa plastiki akalinakili.

Jaribio la kwanza lilikuwa Septemba, nalo liliharibika. Kulikuwa na mvua isiyo ya msimu, nzito, juu ya mabati. Kifaa kilimwita Khavere mara sita kwa saa moja. Mara sita alikimbia kutoka kibarazani alikokuwa akipanga nguo, akamkuta mtoto amelala. Mara ya saba hakukimbia. Na mara hiyo mtoto alikuwa akilia kweli, na Triza ndiye aliyekuja kumvuta mama mkono. Koki alipofika, alikuta kifaa kimewekwa juu ya televisheni na Triza amerudi kizingitini.

"Sidai kitu," Khavere alimwambia. "Nyinyi mmejaribu."

Koki alikaa naye hadi mvua ikapungua. Mtoto alianza kulia tena, na Koki akasikiliza kwa makini kama alivyosikiliza miaka ile, macho pembeni. Kilio kilipanda, kikakatika, pumzi ikavutwa, kikapanda tena. Juu ya kichwa chake mvua ilikuwa ikipiga bati moja kwa moja, bila kupumua.

Alimpigia Ondiek akiwa palepale mlangoni. "Mvua haivuti pumzi," alimwambia. "Wala redio ya jirani. Kifaa kisisikilize kelele. Kisikilize ile nafasi ya pumzi."

Karatasi ilifunguliwa upande wa pili. "Inachukua sekunde ngapi, hiyo pumzi?"

"Subiri," Koki akasema, akainyoosha simu kuelekea kitandani, na injinia akiwa Industrial Area akahesabu pumzi za mtoto wa Njiru.

Kazi hiyo ilichukua wiki nne, na vilio vya watoto kumi na wawili vilivyorekodiwa kwa ruhusa ya mama zao. Siku waliyokirudisha kifaa ilikuwa Jumamosi yenye jua laini. Khavere alikivaa chini ya mkono wa blauzi, akatandaza nguo zake. Kila dakika tano Koki alimwona akitua kidogo na uso ukilegea, halafu anaendelea. Alikuwa ameambiwa *niko*. Baada ya mara ya nne au ya tano, kichwa chake kiliacha kugeuka mlangoni. Alianika shuka mbili ndefu, na upepo ukazijaza, naye akapotea kati ya shuka hizo, na Koki aliona tu vivuli vya mikono yake vikipita kwenye kitambaa cheupe.

Kisha akatokea. Alikuwa amejishika mkono juu ya kiwiko. Hakuogopa, alikuwa na uso wa mtu aliyeitwa na mtu anayemjua. Alitembea hadi ndani, bila kukimbia, akamwinua mtoto aliyekuwa akilia kweli, machozi bado mabichi.

Akiwa amemkumbatia alitazama kizingitini. Hapakuwa na mtu. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameona Triza anaondoka.

Alirudi karibu saa kumi na moja, gauni limechanika mfukoni, goti limechubuka, nywele zimejaa vumbi jekundu. Alikuwa amefika hadi mto wa Ngong na watoto wengine, mahali ambapo hakuruhusiwa. Khavere alimgombeza kwa mikono miwili, kwa upana wote wa mikono, kwamba gauni hilo ni la kanisani, kwamba mtoni kuna chupa, kwamba yeye si mbuzi. Triza aliinamisha kichwa akijaribu kuficha tabasamu. Koki alijifanya anafunga daftari.

"Anti," mtoto akamuuliza baadaye, wakiosha goti kwenye bomba, "alilia?"

"Alilia."

"Sikusikia," Triza akasema kwa mshangao, na akalirudia neno hilo mara ya pili, polepole zaidi.

Ondiek alitengeneza vifaa thelathini mwaka ule, na arobaini mwaka uliofuata. Si vyote vilivyokaa. Kimoja kiligugunwa na panya. Mama mmoja wa Dandora alikirudisha akisema anapenda zaidi kuguswa na dada yake, na Ondiek akakipokea bila neno. Yule baba kijana wa Umoja alituma ujumbe mmoja tu, kwamba mvua imekuja. Maganda ya bangili yaliuzwa kwa fundi wa saa za watoto. Mwanzia, ambaye sasa ni dereva, aliletewa kifaa kimoja akishike. Alikigeuzageuza, akauliza kama kingekuwapo zamani Koki angekuwa nani, na Koki akasema hajui, labda mkimbiaji.

Siku hizi Koki ana meza yake karakana, kando ya dirisha. Wiki iliyopita alikuja mwanamume aitwaye Maingi, mvuta mkokoteni wa Gikomba, amesikia kwamba hapa watu hutengenezewa vitu vya kuvaa. Alisema anataka mkanda wa kumwambia mgongo unapokaribia kuumia, kabla haujaumia. Ondiek akaufungua ukurasa mpya, akachora mstari katikati, akamsukumia Koki.

Koki hakuandika kitu. "Kesho unabeba nini?" alimuuliza.

"Mabelo ya nguo za mitumba. Kutoka stoo hadi juu kule kwenye vibanda."

"Saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili nishaanza, madam. Lakini pale ni matope."

"Nitavaa gambuti," Koki alisema. Na asubuhi iliyofuata, ukungu ukiwa bado umelala juu ya soko, alitembea nyuma ya mkokoteni wa Maingi kwenye mpando ule, mikono mitupu, akiutazama mgongo wake.